Gari la Mkubwa Halikaguliwi

Mkubwa hakusema kwamba anauza gari. Watu wa cheo chake hawauzi vitu, wanavitafutia walezi. Alimwita mtunza stoo ofisini kwake, akamwambia akae, jambo ambalo hakuwahi kumwambia tangu waanze kufanya kazi pamoja katika ile ofisi ya maji, kisha akamtazama kwa upole kama mtu anayekabidhi mtoto wa kulea.

"Nastaafu mwisho wa mwezi," alisema. "Gari langu sitaki liende kwa mtu baki. Nataka libaki nyumbani. Nikakufikiria wewe."

Mtunza stoo alisema ahsante. Hakuwa amepewa kitu bado, lakini alishukuru mara tatu, na mara ya mwisho alikuwa ameshasimama. Mkubwa alipotaja bei, akasema ni bei ya baba na mwana, mtunza stoo akashukuru tena.

"Halafu ile barua yako ya kuthibitishwa." Mkubwa alifungua faili, akalichungulia, akalifunga. "Nimeikumbuka. Kabla sijaondoka nitaitia sahihi. Mambo yetu tuyamalize pamoja, barua na gari."

Kuthibitishwa lilikuwa jambo kubwa. Mtunza stoo alikuwa kaimu, na kaimu ni mtu anayebeba kazi ya cheo huku mshahara wa cheo ukimsubiri mahali fulani asipopajua. Alikuwa na ufunguo wa stoo, lawama za stoo na vumbi la stoo. Mshahara ulikuwa wa mpakiaji. Siku ile alitembea hadi nyumbani akiwa na furaha, akipishana na magari na kuyatazama kwa jicho la mtu ambaye karibu atakuwa mwenzao.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa barazani kwenye cherehani, akishona sare za shule. Alimsikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga. Bei ilipotajwa, mguu ukasimama.

"Baba Pacha, hiyo si bei ya gari. Hiyo ni bei ya chumba changu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kile chumba cha barabara kuu, chenye mlango wa vioo na nafasi ya meza ya kukatia, alikuwa amekitolea macho muda mrefu, na pesa ya pango la mwaka mzima ilikuwa benki kwa jina lake. Kila suruali aliyopunguza kiuno na kila zipu aliyobadilisha ilikuwa imeacha kitu kidogo mle. Mwenye chumba alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi, basi. Baada ya hapo angempa muuza simu.

"Chumba hakitembei," alisema mume.

"Ndiyo maana wateja watajua kilipo."

Mume akavuta kigoda, akaanza kupiga hesabu. Nauli ya watoto, wote wawili, kwenda na kurudi. Nauli ya kumpeleka mama yake kliniki ya magoti. Teksi za harusi na za misiba. Alijumlisha vyote, akaonyesha kwamba gari litajilipa lenyewe na kubakiza. Ni hesabu ya kila mtu anayetaka gari: upande wa kuokoa umejaa mpaka pembeni, upande wa matumizi umeandikwa Mungu atajalia.

"Mafuta je?" aliuliza mkewe. "Bima? Tairi? Fundi?"

"Gari la Mkubwa halisumbui. Mimi nimeliona miaka yote. Kila asubuhi lipo."

"Sawa. Basi fundi alikague, akisema zima nitakwenda benki mwenyewe."

Mume alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo sokoni. "Nipeleke gari la Mkubwa kwa fundi? Nimwambie nini, kwamba simwamini?"

"Hata nyanya unaibonyeza kabla hujanunua."

"Mwenye nyanya hatii sahihi barua yangu!"

Hapo ndipo Bibi, mama yake mume, alipoingilia kutoka kwenye mkeka wake. Tangu neno gari litamkwe, Bibi alikuwa ameshapanda kiti cha nyuma, ameshafungua dirisha, na ameshawapungia mkono majirani watatu asiopatana nao. Hakutaka safari hiyo ivunjike.

"Mnabishana nini? Mkaribisheni chakula Jumapili. Mtu akija kula, gari lake linabaki uwanjani. Na fundi naye si anakula? Mleteni awe mjomba."

*

Fundi wa gereji ya jirani aliitwa Dokta, kwa sababu kabla ya kufungua boneti alikuwa na desturi ya kuilazia sikio na kufumba macho. Alikubali kuwa mjomba bila kubembelezwa, mradi kuku awepo. Jumapili hiyo alisugua mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa mafuta ya taa tena. Akavalishwa koti la mwenye nyumba, ambalo mikono yake iliishia juu kidogo ya vifundo vya mikono. Akaambiwa asitaje spana, na asimwite mtu "bosi".

Mkubwa alifika saa ya chakula. Gari lilikuwa la milango minne, rangi ya kijivu, limeoshwa mpaka ndani ya vikinga matope vya magurudumu. Uwanja ulikuwa tambarare na mpana, lakini alilizungusha mara mbili, akaliegesha pale pembeni palipo na mteremko, pua ikitazama chini. Mtu anayeacha tambarare akachagua mteremko ana siri na betri yake. Mtunza stoo aliona tu jinsi lilivyong'aa.

"Karibu Mkubwa, karibu! Huyu ni mjomba wetu. Amefika kutusalimu."

"Shikamoo mjomba," alisema Mkubwa, ingawa walilingana umri, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu anapokuwa nje ya ofisi. Dokta, ambaye wateja humsalimia kwa kumpigia honi, aliitikia marahaba kwa sauti nzito na akanenepa ndani ya lile koti.

Waliketi. Kabla chakula hakijaletwa Dokta akaomba udhuru, akatoka nje eti kunyoosha miguu. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akalaza sikio kwenye boneti. Injini iliyozimwa haisemi kitu, lakini desturi ni desturi. Kisha akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya gari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Umeangusha kitu, mjomba?"

Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuna gari linalouzwa na mtu asiyelitazama dirishani.

"Kifungo," alisema Dokta. "Kifungo cha koti."

"Pole. Ngoja nikusaidie."

Mkubwa akakunja suruali, akapiga magoti upande wa pili. Wakawa wanatafutana wawili hao kwa macho chini ya gari, na katikati yao oili ikidondoka, tone, kisha tone, ikifanya kidimbwi cheusi chenye ukubwa wa sahani. Dokta alikiona. Mkubwa aliona kwamba Dokta amekiona. Wakatazamana kwa heshima.

"Nadhani kiliangukia njiani," alisema Dokta.

"Vifungo ndivyo vilivyo," alisema Mkubwa. Wakainuka, wakapanguswa vumbi la magoti na Bibi mwenyewe.

Mama Pacha alimvizia Dokta jikoni alipokuja kunawa.

"Haya, sema."

"Gari zuri mno, dada."

"Na ile oili? Nimeiona kutoka dirishani, usinizuge."

"Oili ikivuja maana yake ndani imo. Uogope lile lisilovuja."

"Kwa mwezi litanigharimu kiasi gani?"

Dokta alitabasamu. "Mimi si jirani yenu? Hatutashindwana." Akarudisha macho dirishani, akalitazama gari kama mtu anavyotazama ng'ombe wa maziwa wa jirani ambaye mlango wa zizi umeachwa wazi. Mama Pacha akaelewa ni nani angekuwa anakamua, na nani angekuwa ananunua majani. Akabeba sinia la wali na hasira yake vyote pamoja, akaingia navyo sebuleni.

*

Walikula vizuri. Mkubwa alisifia kuku, akasifia watoto, akasifia mapazia. Dokta, ambaye sasa alikuwa amezoea ujomba, alitoa maoni kuhusu malezi ya siku hizi. Mtunza stoo alicheka kila Mkubwa alipomaliza sentensi, hata zile zisizochekesha. Ilibaki kusema tu lini pesa italetwa.

"Mzee," alisema Mama Pacha. "Naomba nikuulize jambo."

Mumewe akamsukuma mguu chini ya meza. Mguu ulikosea njia ukapiga goti la Bibi, lile bovu zaidi, na Bibi akaita jina la marehemu mumewe.

"Uliza, mwanangu," alisema Mkubwa.

"Hili gari linakula kiasi gani? Kwa mwezi, matengenezo na kila kitu."

Mkubwa alicheka, kicheko cha mtu mwenye dhamiri safi. Na hakuwa anaigiza. "Hili? Tangu nilinunue halijanigharimu hata senti. Sijui hata fundi anadai kiasi gani. Kama huniamini, muulize mumeo. Yeye ndiye shahidi wangu."

Mtunza stoo alivimba kichwa. Hakuna aliyewahi kumwita shahidi wa jambo lolote. Akaweka kijiko chini, akafuta mdomo, akatoa ushahidi.

"Kweli kabisa. Gari halina gharama. Miaka yote, tulichobadilisha ni gia boksi tu. Na rejeta. Shokapu za mbele, zile za nyuma zilikuja baadaye. Betri, lakini betri ni vitu vya kawaida, kila baada ya muda mfupi nilikuwa natoa mpya. Tairi. Klachi ilikufa mara mbili, ila ya pili haikuwa kosa la gari. Na oili, oili ndiyo ilikuwa inaisha haraka, nilikuwa natoa ndoo kwa ndoo. Lakini Mkubwa hakutoa hata shilingi. Vyote vilikuwa vya stoo."

"Stoo ya maji ina gia boksi?" aliuliza mkewe taratibu.

"Tulikuwa tunaagiza kwa ajili ya jenereta."

Bibi, aliyekuwa bado anasugua goti, aliinua uso. "Jenereta lenu lina tairi?"

Dokta aliinamia sahani, akashughulika na mfupa usiokuwa na nyama. Mtunza stoo aliokota kijiko, akakirudisha chini. Ndiyo kwanza alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe.

Mtu asimdhanie vibaya. Hakuwa mwizi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kwenda nyumbani hata na msumari, na wenzake walimcheka kwa hilo. Vitu vilitoka kwa sababu Mkubwa alisema vitoke, na yeye alisaini kwa mwandiko mzuri, jenereta, jenereta, jenereta, bila kujumlisha, kwa sababu nani anajumlisha mali isiyo yake? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ofisi ilibeba, na wale wateja wa maji waliokuwa wakikaa siku nzima bila tone kwa sababu jenereta la pampu limekosa vipuri walibeba, na gari likawa halisumbui.

Aliyekuwa mtulivu kuliko wote ni Mkubwa. Alijipakulia mchuzi.

"Sasa nyinyi mnaogopa nini?" alisema kwa upole ule ule wa kukabidhi mtoto. "Ufunguo wa stoo si unabaki kwake? Ndiyo maana nikamchagua yeye, si mtu mwingine. Nikasema barua na gari viende pamoja. Kimoja bila kingine kitamtesa."

Kumbe alikuwa amefikiria kila kitu. Kwa kipimo chake, huo ulikuwa wema.

Mama Pacha alimtazama mumewe. Alimpa nafasi, na alimpa muda. Alimwona akimtazama Mkubwa, akiitazama sahani. Midomo ya mume ikatikisika, na kilichotoka, kwa mazoea tu, kilikuwa "Ahsante."

"Mzee," alisema mke, "pesa ni yangu, ya sindano hii. Chakula umekula, na karibu siku nyingine. Gari lako hatulinunui. Sisi hatuna ofisi ya kulilisha."

*

Mkubwa aliondoka bila kugombana. Aliachia breki, gari likateremka kimya kimya kwenye ule mteremko, likakohoa kule chini, likawaka. Dokta alivua koti, akalirudisha, naye akaondoka, akinung'unika kwamba watu wengine hawajui kupokea baraka.

"Umeniua," alisema mume. "Umeniua mbele ya Mkubwa wangu."

"Mimi niliuliza swali. Aliyejibu ni nani?"

"Barua yangu! Unajua barua ile ni nini? Unataka nife kaimu?"

"Nataka usife jela." Alisema hivyo ingawa naye aliitaka ile barua, aliitaka sana, alikuwa ameshaanza kuhesabu mshahara wake kimoyomoyo. "Nenda kakope huko kazini kama unalitaka. Sikuzuii. Ila chumba changu usikiguse."

Hakukopa. Aliingia ndani akalala chali, na kwa mara ya kwanza akajumlisha. Alianza na betri, akaenda kwenye tairi, akafika kwenye oili akashindwa. Aliona haya, na haya yenyewe ilimshangaza, maana hakuna kitu ambacho alikuwa hakijui tangu zamani.

Jumatatu, njiani kwenda kazini, alijipangia maneno makali. Angemwambia Mkubwa kwamba stoo ni mali ya umma. Angemwambia kwamba yeye ana watoto wanaojifunza kwake. Aliyarudia mpaka yakakaa sawa mdomoni. Alipofika, akasimama mbele ya meza, hakuambiwa akae, na Mkubwa akauliza, "Umefikiria?"

"Nimefikiria, Mkubwa. Sina uwezo."

Ndiyo yote yaliyotoka. Mkubwa akatikisa kichwa kwa masikitiko, akachukua lile faili, akaliweka chini kabisa ya mengine.

Gari lilipata nyumba wiki ile ile. Alilichukua karani wa mishahara, kijana mwenye tai na mchumba, na kabla Mkubwa hajakata keki ya kuagwa, karani alikuwa ameshathibitishwa kuwa mtunza stoo. Aliyekuwa kaimu alikabidhi ufunguo, akapelekwa getini kuwa bawabu, kufungua na kufunga. Waliomcheka zamani kwa kutochukua msumari walicheka tena, safari hii kwa sauti.

Nyumbani hawakushangilia. Mama Pacha alilipa pango, akahamisha cherehani, na mwezi wa kwanza wateja wengi walisimama nje ya kioo kujitazama nywele tu. Mshahara wa getini ulikuwa hauna hata ile posho ndogo ya vumbi aliyokuwa akipata stoo. Watoto walirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, Bibi akaenda kliniki kwa miguu na kuhakikisha mtaa mzima unajua. Kuna jioni mke na mume walikula bila kusemezana, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza gari.

*

Siku moja asubuhi gari la kijivu lilikuja mpaka getini likazima. Karani alipiga honi. Honi ilikuwa nzima kabisa. Akazungusha ufunguo, injini ikajibu kwa kikohozi kimoja cha mgonjwa, ikanyamaza. Nyuma yake magari ya ofisi yalianza kupanga foleni.

"Mzee wa geti! Sukuma, bwana, unaangalia nini?"

Bawabu aliegemeza bega kwenye buti, akasukuma. Barabara ya kuingia ilikuwa inapanda, na viatu vilikuwa vinateleza. Watu waliokuja kulipia maji walimtazama kutoka madirishani. Jasho lilimshuka mpaka kwenye kola ya sare aliyoshonewa na mkewe. Nusu ya njia, karani alitoa kichwa nje, akaangalia huku na huku, akashusha sauti.

"Kaka, samahani. Hivi wewe gia boksi ulikuwa unaiandika vipi?"

"Sikumbuki," alisema bawabu, na akaendelea kusukuma mpaka gari likafika mbele ya stoo, mahali pake.

Jioni alipitia kile chumba chenye mlango wa vioo. Mkewe alikuwa amepiga magoti akipima upindo wa gauni la bibi harusi, pini zimejaa mdomoni. Aliona suruali ya mumewe ilivyochafuka, na bega lilivyolowa.

"Kulikoni?" aliuliza kwa pembe ya mdomo.

"Nimelisukuma. Kutoka getini mpaka stoo."

"Lile lile?"

"Lile lile."

"Pole, mume wangu. Umechoka?"

Alifikiri kidogo, maana alitaka kujibu kweli.

"Hapana," alisema. "Lingekuwa letu, ndiyo ningechoka."

Mama Pacha alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni zikatawanyika sakafuni, na bibi harusi akacheka bila kujua anacheka nini. Bawabu hakucheka. Alivua kofia ya kazi, akapiga magoti karibu na mkewe, wakaanza kuziokota.